Malalamiko Kuhusu Midomo Yangu Kung'aa Msibani

Zengo Luhaga,
Kitongoji cha Senta,
Ngulyati, Bariadi.

Kwa: Mzee Constantine Ndaki,
Mwenyekiti, Chama cha Kufa na Kuzikana,
Hapahapa Senta, nyumba ya tatu kutoka kwangu.

YAH: KUNYANG'ANYWA KISU CHA MGAO KWA SABABU YA MAFUTA YA MDOMO

Mzee Constantine, mwangaluka.

Hapa kwangu ni mhola, salama tu, ukiondoa midomo yangu, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Najua tumetenganishwa na nyumba mbili tu na ua wa minyaa, na ningeweza kuja kwa miguu nikakueleza. Nilijaribu. Muda wote niliokuwa naongea ulinitazama mdomoni, na nilipoondoka nilisikia ukimwambia mama watoto afunike sufuria. Kwa hiyo nimeona niandike, maana karatasi haina midomo.

Kwa faida ya wajumbe wapya wa kamati naomba nijitambulishe. Mimi ndiye mgawa nyama wa misiba ya Senta, au nilikuwa, mpaka ulipotokea msiba wa Mzee Nyanda. Ng'ombe wa matanga akianguka, mimi ndiye ninayeshika kisu. Nyama ikiiva, mimi ndiye ninayesimama kwenye sufuria na kujaza mabeseni: la wazee, la akina mama, la vijana waliochimba kaburi, la wageni waliotoka mbali. Hakuna anayeonja mpaka beseni la mwisho liondoke, na wa kwanza kutoonja ni mimi.

Kazi hii haina mshahara. Haina hata kiti. Lakini nitasema kilichomo moyoni: mimi nina maksai wawili na mbuzi wachache ambao wamekonda kwa tabia tu, si kwa njaa. Huku kwetu mtu anapimwa kwa zizi lake, na la kwangu unaliona lote hata ukifumba jicho moja. Siku ya msiba, hata hivyo, mwenye ng'ombe mia na mwenye kuku watatu wote huketi chini wakautazama mkono wangu, na mkono wangu haujawahi kumpendelea mtu. Hiyo ndiyo heshima pekee niliyo nayo hapa Senta, na ndiyo mliyoninyang'anya.

Kitambulisho changu kilikuwa midomo. Ninyi nyote mnaikumbuka ilivyokuwa: mikavu, myeupe, imepasukapasuka kama shamba la mpunga baada ya maji kuondoka. Mtu aliyekuwa na wasiwasi na mgao aliitazama tu, akatulia. Mwenyewe uliwahi kuwaambia wageni waliotoka Lamadi kwamba kama wanataka kujua nyama yetu iko salama, wamwangalie Zengo mdomoni. Wageni walinizunguka wakaniangalia, na mimi nilijivuna.

Sasa nieleze chanzo cha balaa.

Mke wangu Elina, ambaye ninyi mnamwita Mama Goodness, alimaliza kuchuma pamba mwaka huu akiwa na midomo iliyopasuka mpaka ikatoa damu. Upepo wa mwezi wa saba mnaujua, na vumbi lake mnalijua. Akicheka, mdomo unachanika. Kwa hiyo akaacha kucheka. Mimi nilidhani amenikasirikia, nikaanza kumwomba msamaha kwa makosa ambayo hata sikuwa nimepanga kuyafanya. Ndipo mdogo wake, shemeji yangu Joyness, mwenye saluni pale mjini Bariadi karibu na stendi, alipokuja kututembelea, akatazama midomo ya dada yake, akasema dawa iko humuhumu jikoni. Akawakusanya akina mama wa kikundi cha Elina na kuwafundisha kutengeneza mafuta ya mdomo ya asili, yasiyo na kitu cha dukani.

Neno hilo, asili, ndilo lililotuponza. Mtu akisikia kitu ni cha asili anadhani hakina madhara. Nyoka naye ni wa asili, lakini hatumpaki mdomoni.

Namna yanavyotengenezwa naijua vizuri kuliko nilivyotaka. Nta inapatikana kwa mrina asali. Inakatwakatwa, inawekwa kwenye bakuli, na bakuli linawekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto, kwa sababu nta ikikutana na moto moja kwa moja inaweza kuwaka. Ikiyeyuka inachujwa kwa kitambaa safi. Mimi sikuitwa kwenye kikao chochote cha kikundi, ila kitambaa kilichopatikana kilikuwa mgongo wa shati langu la kanisani. Kisha kijiko kimoja cha nta kinachanganywa na vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti, na kipande cha samli ili mdomo ulainike. Kujua kama yamekaa sawa, unachovya kijiko cha baridi na kusubiri: yakigandia kama mshumaa unaongeza alizeti, yakitiririka unaongeza nta. Halafu yanamiminwa kwenye vikopo vidogo vilivyochemshwa na kukaushwa, yanafunikwa kitambaa hadi yapoe.

Joyness aliacha na sheria moja, na sheria hii ndiyo kiini cha malalamiko yangu. Kabla mwanakikundi hajampa jirani hata tone, lazima ayajaribu kwa watu wa nyumbani mwake kwa mwezi mzima, kuona kama hayawashi wala hayavimbishi. Binti yetu Goodness ameolewa Lamadi. Nyumbani tumebaki wawili. Elina ni mtengenezaji, na mtengenezaji hawezi kujipa maksi mwenyewe. Aliyebaki ni mimi. Na mimi, kama unavyonifahamu, ni mtu wa taratibu; sheria ikishapitishwa siipingi hata kama imepitishwa nikiwa malishoni.

Baada ya maelezo hayo, naomba kuwasilisha malalamiko yangu kama ifuatavyo.

1. Lalamiko la kwanza ni dogo, nalitaja ili orodha isianzie juu sana. Jiko langu limegeuzwa kiwanda. Mafuta ya jaribio la kwanza yalikuwa magumu. Ukiyapaka unajihisi umepigwa lipu, na nilikaa tangu asubuhi hadi mchana nikijibu salamu za watu kwa kutikisa kichwa. Ya pili yalikuwa laini mno, yakashuka mpaka kidevuni na kuingia kwenye kola. Ya tatu ndiyo yaliyofaulu. Laiti yangeshindwa, leo ningekuwa na kisu changu.

2. Lalamiko la pili ni harufu. Samli ni samli, Mzee Constantine, hata ukiitia kwenye kikopo kizuri namna gani. Ukipita mahali nilipo unasikia harufu ya jikoni kwa watu wenye harusi. Mbwa wa Ngassa, jirani yangu wa upande wa kisima, aliisikia kabla ya watu wote. Amemwacha bwana wake na kunifuata mimi. Nikienda shambani yuko nyuma, nikienda kanisani ananisubiri mlangoni, nikikaa kuongea na mtu anakuja kuketi mbele yangu na kunitazama mdomoni. Sijawahi kutazamwa kwa matumaini kiasi hicho na kiumbe chochote, hata siku ya ndoa yangu. Nilimlalamikia Ngassa. Alijibu kwamba mbwa ni wake lakini pua ni ya mbwa.

3. Tatu, wageni. Hapa Senta midomo inayong'aa ina maana moja tu: umekula nyama. Na kama umekula nyama na hakuna aliyesikia mbuzi akilia, basi umeila kwa siri. Tangu nianze kung'aa nyumba yangu imekuwa na wageni kila ikifika saa ya chakula. Mmoja alikuja kuuliza habari za mvua, mwezi wa saba. Mwingine alikuja kurudisha jembe ambalo sikumwazima. Shemeji mmoja wa Elina alitoka Kiloleli, akasema amepita tu kutusalimia, akalala siku kadhaa akisubiri. Wote tuliwapa tulichokuwa nacho, michembe ya viazi na karanga, au ugali na mlenda. Walikula kwa adabu huku macho yao yakizunguka paa, na waliondoka wakiamini kwamba nyama ipo ila tumeificha vizuri. Yule wa Kiloleli alituaga kwa kutuambia kwamba Mungu anaona.

4. Nne, afya. Nilikwenda zahanati kwa ajili ya goti. Mhudumu, binti mwenye heshima zake, hakuligusa goti. Alinitazama mdomoni, akanipima presha mara mbili, akanishauri nipunguze nyama choma. Nilimweleza kwamba nyama niliyoila mara ya mwisho ilikuwa ya Pasaka. Akaandika kwenye kadi kwamba mgonjwa anakana. Goti bado linauma.

5. Sasa nafika kwenye lalamiko lenyewe, msiba wa Mzee Nyanda.

Mzee Nyanda alikufa usingizini, ameshiba miaka, ameacha wajukuu wasiohesabika na dume jekundu ambalo alilichagua mwenyewe akiwa hai kwa ajili ya shughuli hiyo. Ulikuwa msiba mzuri. Nilichinja, nilikata, nilisimamia sufuria kama siku zote. Kitu ambacho sikukijua, na ambacho shemeji Joyness hakukifundisha, ni kwamba mafuta haya yanayeyuka yakipata mvuke. Nilipofunua sufuria kubwa kuanza mgao, mvuke ulinipiga usoni, na jua lilikuwa limesimama mbele yangu. Wanasema niling'aa mpaka puani.

Watu wote wakageuka kunitazama. Halafu Pelagia, yule mama anayeanzisha nyimbo za msiba, akaniambia kwa sauti ile ile anayoanzishia nyimbo: "Ngosha, mabeseni yako bado matupu, lakini midomo yako imeshashiba."

Walicheka wote, hata wafiwa, na mimi nilicheka nao. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mambo yameishia hapo. Walipomaliza kucheka walianza kuhesabu vipande. Kisha mbwa wa Ngassa akapenya katikati ya waombolezaji, akaziruka sufuria zote zilizojaa nyama ya kweli, akaja kuketi mbele yangu na kunitazama mimi. Hapo nilichanganyikiwa, nikafanya jambo ambalo mtu asiye na hatia hulifanya bila kufikiri: nilijifuta mdomo kwa mkono wa shati. Naomba kamati ijiweke mahali pangu. Nisipojifuta, naonekana nimekula. Nikijifuta, naonekana nimekula na sasa nafuta ushahidi.

Wewe mwenyewe ulisema, mbele ya kamati, kwamba mbwa hana chama wala ukoo hapa Senta, kwa hiyo hana sababu ya kudanganya. Nakubali kwamba hakudanganya. Alisikia samli, akatoa taarifa ya samli. Waliotafsiri ni ninyi. Ukaja ukanishika bega, ukanitoa pembeni karibu na zizi la marehemu, ukaniambia kwa upole: "Pumzika kidogo, Zengo. Midomo ikikauka tutakuita."

Nilikukabidhi kisu. Niliumia, Mzee Constantine, na naliandika hilo bila kulizungusha. Siku ile niliketi nikala kwenye beseni la wazee, beseni ambalo kwa miaka yote nilikuwa nikilijaza na kulipeleka, na sikuhisi ladha ya nyama.

6. Sita, Ngassa, ambaye mlimpa kisu changu. Sina ugomvi naye. Ni mtu mzuri na ana mkono wenye nguvu. Tatizo ni kwamba anakata nyama kama mtu anayepasua kuni. Kwenye msiba uliofuata, wageni walipata mkia mzima mzima, wakawa wanapeana bila kujua waanzie wapi. Vijana waliochimba kaburi walipata shingo tupu. Akina mama walipata supu nyingi na maelezo. Mzee mmoja wa kamati, ambaye simtaji lakini ni wewe, alipewa kongoro na kushindana nalo hadi watu wanaanza kuaga. Ini halikuonekana kwenye beseni lolote. Lilikuja kukutwa jioni kwenye ndoo, limesahauliwa. Midomo ya Ngassa ilikuwa mikavu mwanzo mpaka mwisho, na wote mlikuwa mkiitazama midomo hiyo kwa raha wakati nyama inaharibika.

Najua wapo watakaosema: si aache tu kupaka? Nimeshaeleza habari ya sheria ya kikundi. Mwezi wa majaribio ni mwezi wa majaribio, na mume akikatisha jaribio, mafuta ya mke wake hayapitishwi, na aibu inampata mke mbele ya wenzake. Wapo pia watakaosema nipake usiku nifute asubuhi. Nilijaribu kuyafuta kwa majani, kwa unga, kwa majivu. Nikatoka nimeng'aa na majivu juu yake, na watu wakasema Zengo siku hizi anachoma mwenyewe.

Kutokana na hayo yote naleta maombi yafuatayo, na nimeyapanga kuanzia lililo rahisi.

(a) Nirudishiwe kisu.

(b) Mafuta ya mdomo yapigwe marufuku Senta nzima tangu taarifa ya msiba itolewe mpaka matanga yaanuliwe. Kikundi cha akina mama kizime moto, kifunike bakuli, na vikopo vyote vikabidhiwe kwako uvitunze.

(c) Kama ombi (b) litashindikana, na litashindikana, kwa sababu nimeambiwa mama wa nyumbani kwako ameshaagiza vikopo viwili, basi lifanyike kinyume chake. Kila mwanachama apakwe mafuta ya mdomo anapoingia msibani, palepale anapoandikisha jina. Tukiwa tunang'aa wote hakuna atakayemshuku mwenzake. Kitu kinachoonekana kwa kila mtu hakiwezi kuwa ushahidi dhidi ya mmoja.

(d) Ili haki itimie, wapakwe pia katekista, wanakwaya, wachimba kaburi na wapita njia watakaokaribishwa. Na kwa heshima zote, marehemu naye apakwe. Haifai mtu aondoke duniani akiwa ndiye pekee katika mkusanyiko anayeonekana amenyimwa nyama, tena ng'ombe akiwa wake.

(e) Mbwa wa Ngassa apakwe wa kwanza, na kwa wingi, ili harufu atakayoifuata iwe yake mwenyewe.

(f) Kianzishwe cheo cha Mkaguzi wa Midomo, atakayepita kabla ya mgao kuhakikisha kwamba mng'aro unalingana kuanzia kwa Mwenyekiti mpaka kwa mtoto wa mwisho. Nampendekeza Ngassa, kwa kuwa atakuwa hana kazi nyingine.

Naamini kamati itaona kwamba siombi upendeleo. Kila mtu hapa ana kitu kimoja anachokifanya ambacho akiondolewa anabaki kama mgeni katika kijiji chake. Pelagia ana sauti yake, wewe una kiti chako, na mimi nilikuwa na kisu kile. Tangu niliponyang'anywa nimehudhuria misiba na sijui pa kuiweka mikono yangu. Nimeiweka mifukoni, nimeikunja kifuani, juzi nilimsaidia mtu kushika mwavuli wakati hakuna mvua wala jua kali. Sitaki kuzeeka hivyo.

Nisalimie mama wa nyumbani kwako, na umwambie sufuria aliyoifunika siku ile sikuiona na wala sikuisikia. Nisalimie wajumbe wote wa kamati kila mmoja kwa cheo chake, vijana wa kuchimba, wanakwaya, na Pelagia, mwambie nimemsamehe lakini sijasahau. Ng'ombe zako pia nazisalimia kwa rangi zao, kuanzia yule mwenye baka usoni.

Ni mimi mwanachama wenu katika uzima na katika matanga,

Zengo Luhaga
Mgawa Nyama (amepumzishwa)

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii jana Ngassa alipokuja kwangu na kisu kimefungwa kwenye gunia. Alinieleza kwamba mmekaa na mmekubaliana: mabeseni yamewashinda, watu wananung'unika, Zengo arudi. Aliona aibu kukikabidhi, nami niliona aibu kukipokea, tukawa tunasukumiana kama watu wanaolipiana soda. Alisema mmeweka sharti moja tu, kwamba nije msibani na midomo mikavu kama zamani. Sharti hilo ni la haki na ndivyo nilivyokuwa maisha yangu yote. Nilikilaza kisu mapajani nikakitazama mpaka giza likaingia, na nilifurahi sana, Mzee Constantine. Sitadanganya kuhusu hilo.

Asubuhi Elina alikuja na kikopo chake.

Kuna jambo nimelipitia pembeni katika barua nzima. Ule mwezi wa majaribio uliisha zamani. Mafuta yalipita, hayawashi wala hayavimbishi, na kikundi kimeshaanza kupeleka vikopo mpaka mjini Bariadi. Elina hajaniambia kwamba umeisha, na mimi sijamuuliza. Kila asubuhi, kabla hajaenda kisimani, anavuta kigoda na kuketi mbele yangu, ananishika kidevu, anachovya kidole kidogo na kunipaka, taratibu, pembe hii mpaka pembe ile. Tulioana kwa ng'ombe na kwa wazee, tumelima pamoja, tumezika pamoja, tumelea na kuozesha, na sikumbuki kama aliwahi kunitazama usoni kwa karibu vile bila kuwepo shida nyumbani. Mimi ambaye kwenye vikao hamjawahi kuninyamazisha, ninanyamaza.

Leo nilitaka kumwambia habari ya sharti lenu. Nilifungua mdomo nianze. Akanishika kidevu zaidi, akasema: "Tulia, Baba Goodness. Usiseme kitu."

Sikusema. Alipokwenda kisimani nilikichukua kisu nikampelekea Ngassa, nikakaa naye tukiwa na mguu wa mbuzi wa kujifunzia, nikamwonyesha viungo vinapoachiana ili asiendelee kupasua kuni. Mkono wake si mbaya, mvumilieni. Maombi yangu yote, kuanzia (a), yafuteni. Msiba ukitokea nitakuja, nitaketi chini na wazee wenzangu, nitasubiri beseni letu kama watu wengine, na midomo yangu itakuwa inang'aa.